Msiyachome madaftari ya dispensari ya baba yenu

Swali: Assalamu alaykum daktari. Baba yetu alikuwa daktari wa spitali ya serikali hapa Pemba, na tokea miaka ya tisini akawa na dispensari yake ndogo Wete, vyumba vitatu vilivyoshikana na nyumba yetu. Amefariki mwaka jana. Mimi na kaka yangu sote tumesoma udaktari na tumekubaliana kuiendeleza. Kaka anataka tuvunje, tujenge ghorofa, tuweke mashine ya ultrasaundi na maabara. Kabatini tumekuta madaftari 31 ya wagonjwa, mengine yameingia mchwa. Kaka anasema yachomwe. Roho yangu inasita, lakini hoja sina. Watu wanatwambia dispensari ya baba ilikuwa ya aina yake, nao hawawezi kueleza kwa nini. Dispensari kama hizi zilianzaje kwetu, na kitu gani hasa kilizifanya ziwe vile?

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu na akupeni subira nyinyi na mama yenu.

Nianze na lisilosubiri. Madaftari msiyachome. Yatoeni kabatini leo hii, yaanikeni kivulini penye upepo, yaliyoingia mchwa yatengeni na mazima, kisha yote yaingie kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Kaka yako hana nia mbaya. Anaona vumbi na karatasi zilizooza. Lakini dispensari ya baba yenu imo ndani ya karatasi hizo kuliko ilivyo ndani ya vile vyumba vitatu, na nitajaribu kukueleza kwa nini.

Umeuliza zilianzaje. Kwa haki, daktari wa familia hapa kwetu ni mkongwe kuliko dispensari yoyote. Mkunga wa mtaa aliyemzalisha bibi yako huenda ndiye aliyemzalisha na mama yako. Alijua katika ukoo huo nani hutokwa na damu nyingi akijifungua, na nani watoto wake hutanguliza miguu. Maalimu aliyeandika kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, alijua nyumba gani ina ugomvi wa mirathi na mtoto gani halali usiku kwa sababu hiyo. Sisi tuliosomea spitali tunapenda kuianza hadithi pale tulipoingia wenyewe, ndiyo maana nimewatanguliza wao.

Tiba ya kizungu ilipofika Unguja ilikaa karibu na wakubwa. John Kirk, ambaye wengi wanamjua kwa habari za kukomeshwa biashara ya watumwa, alifika Zanzibar mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Uingereza. Mtu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, au wa shamba hakuwa na njia nyepesi ya kumfikia mtu kama huyo. Ndipo lilipokuja lile jumba la Mizingani mnalolipita mkishuka bandarini, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali ya kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na likamalizika mwaka 1894. Halikudumu kuwa hospitali. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali ya tajiri mwengine, chini kukawa dispensari ya sadaka, juu kukawa nyumba za kupangisha. Hadi leo watu wanaliita Dispensari ya Zamani, ingawa dawa hazitolewi tena pale. Mimi napenda sana sura ile ya dawa chini na familia juu: mtoto anakohoa ghorofani na kikohozi chake kinasikika dispensari.

Kwetu Pemba mambo yalikuwa ya kiserikali zaidi. Chake Chake sehemu kubwa ya ngome kongwe ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata nafasi ya spitali, na kilichobaki cha ngome ndiyo makumbusho ya leo. Mashamba yaliachiwa dresa, mtu aliyefundishwa kuosha vidonda, kufunga mifupa na kutoa dawa chache. Msidharau dresa. Msimu wa karafuu ukifika, watu wanaanguka mikarafuuni, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea kwanza. Dresa aliyekaa kijiji kimoja miaka 20 alijua mengi ambayo daktari wa mjini hakuyajua.

Halafu 1964. Baada ya Mapinduzi matibabu yakatangazwa kuwa ya bure, na daktari wa kujitegemea hakuwa na nafasi tena. Mwaka huo huo walifika madaktari wa mwanzo kutoka China, na mpaka leo timu zao kutoka jimbo la Jiangsu zinakuja Unguja na Pemba. Nimeanza kazi chini ya utaratibu huo na nasema kwa moyo mmoja kwamba ulikuwa na haki yake. Mtoto wa mkulima wa Kojani alilazwa kitanda kile kile alicholala mtoto wa mkubwa. Ila kuna kitu kimoja kilipotea bila ya mtu kukusudia: uso ule ule. Daktari alipangiwa kituo, akazoea watu, akahamishwa. Timu ya kigeni ikifika inajifunza kusema "unaumwa wapi?", na inapoanza kuelewa jibu, muda wake umekwisha. Mgonjwa akawa anaanza upya kila mara: jina lako nani, umri gani, umeanza lini.

Bara, biashara ya matibabu ilizuiwa kisheria mwaka 1977 na mlango ukafunguliwa tena mwaka 1991. Huku kwetu ulifunguliwa katika miaka hiyo hiyo ya tisini, na ndipo kizazi cha baba yenu kilipoingia. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watumishi wa serikali ambao mshahara haukufika mwisho wa mwezi, wakachukua chumba cha mbele cha nyumba, wakaweka meza, kitanda cha kupimia, pazia na benchi. Asubuhi spitali, jioni dispensari. Saa zake zilifuata adhana: mlango ulifunguliwa baada ya sala ya alasiri, ukarudishwa magharibi, ukafunguliwa tena, na taa ikazimwa kitambo baada ya isha. Ramadhani watu walianza kuja baada ya tarawehe, na usiku wa manane bado kuna mama amekaa kibarazani na mtoto mabegani.

Nimewahi kushika kazi katika dispensari ya namna hiyo, miezi minne, mwenyewe alipokwenda kutibiwa. Aliniachia ufunguo, mpira wa kupimia moyo, na kauntabuku. Nakumbuka ukurasa mmoja vizuri. Mistari aliichora mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, na chini ya jina, kwa herufi ndogo, ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Ya tatu mtaa: Limbani, Utaani, Bopwe, Mtambwe, Fundo. Ya nne shida, ya tano dawa. Safu ya mwisho ilikuwa nyembamba na haina kichwa cha habari. Humo mlikuwa na alama tatu tu: vema kwa aliyelipa, D kwa mwenye deni, na nukta. Nilimuuliza nesi nukta ni nini. Akanambia, "Huyo hadaiwi." Nikahesabu nukta za ukurasa ule: 9 katika mistari 28. Pembeni ya nukta moja palikuwa na doa la rangi ya zambarau, dawa ya vidonda vya mdomo ya mtoto, na alama ya kidole gumba.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni yale maandishi madogo chini ya jina. Siku ya tatu aliletwa kijana amechoka, anakojoa kila saa, amekonda. Nilikuwa nakaribia kufikiri mambo mengine. Nesi akafunua daftari la miaka sita nyuma, akaniwekea kidole juu ya jina la mama yake: sukari, aligunduliwa akiwa na mimba ya mdogo wa huyu huyu. Tukampima kijana pale pale. Sukari. Nisingekosa kuigundua mwishowe, natumai, ila ningeigundua baada ya siku kadhaa na pengine akiwa amezimia.

Hicho ndicho watu wa Wete wanachoshindwa kukueleza. Mgonjwa wa baba yako hakuwa akianza upya.

Na jambo hili limepimwa. Norway walifuatilia rekodi za watu wapatao milioni 4.5 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022. Huko karibu kila mtu ana daktari wake aliyeandikishwa kwake. Waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokuwa na daktari wao kwa mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kulazwa kwa dharura na wa kufariki ulikuwa pungufu kwa kama robo. Utafiti wa namna hiyo hauonyeshi kwa yakini kipi kimesababisha kipi, lakini tofauti ilikuwa ikiongezeka kadiri miaka ya kujuana ilivyoongezeka, na hilo haliwezi kupuuzwa.

Mfano mwengine nauleta kwa ajili ya kaka yako. Uingereza kulikuwa na daktari wa shamba, William Pickles, aliyetibu vijiji vya bonde la Wensleydale kwa zaidi ya miaka 50. Hakuwa na maabara ya kusifika. Alikuwa na madaftari. Mwaka 1929 ugonjwa wa ini unaogeuza macho kuwa ya manjano ulipoingia bondeni, aliandika kila mgonjwa, siku aliyougua, na alikuwa na nani kabla ya hapo. Akakumbuka kwamba binti mmoja aliyemwacha kitandani asubuhi alimwona tena mchana kwenye sherehe ya kijiji. Kutokana na sherehe ile aliweza kuonyesha kwamba ugonjwa hukaa mwilini kama wiki nne hadi tano kabla ya kujitokeza. Wakubwa wa vyuo hawakuweza kulisema hilo kwa uhakika, kwa sababu mjini hakuna daktari anayejua nani alikaa na nani sherehe ipi. Wete ni ndogo kiasi hicho. Kila harusi na kila hitima baba yenu alizijua, na nyingi alihudhuria.

Sitaki ufikiri nawasifu tu. Dispensari za miaka ile zilikuwa na makosa, na mengine niliyafanya mimi kwa mkono wangu. Tulichoma sindano kupita kiasi kwa sababu mgonjwa asiyechomwa alihisi hakutibiwa. Klorokwini tuliitoa kwa kila joto la mwili hata pale ilipokuwa haiui tena malaria, mpaka Zanzibar ilipobadilisha dawa mwaka 2003. Antibayotiki zilitoka kwa siku mbili kwa sababu mgonjwa alikuwa na pesa za siku mbili. Na walikuwepo madaktari waliomwambia mtu asubuhi kwenye spitali ya serikali kwamba dawa hakuna, njoo jioni kwangu. Hilo lilikuwa dhulma, na lilituchafua sote. Mkiyasoma madaftari mtayakuta baadhi ya makosa haya. Yasomeni bila ya kumhukumu baba, na bila ya kuyarudia.

Mtakuta pia mambo yanayotia moyo. Kabla ya mwaka 2010, umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika Pemba, tulitegemea majenereta, na jokofu lilikuwa pambo. Wenye sukari wa kuchoma insulini tuliwafundisha kuiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, baina yao mchanga uliorowa, pembeni mwa nyumba penye upepo. Maji yakikauka kwenye mchanga yanachukua joto. Daktari asiyejua nyumba ya mgonjwa wake hawezi kumwambia akiweke wapi.

Tafuteni daftari la mwaka 2011, kuanzia Septemba. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 ikitoka Unguja kuja hapa hapa Wete. Sina haja ya kukusimulia. Huenda na nyinyi mlikuwa na mtu wenu. Nitakwambia tu nilichokiona nikiwa kazini. Wiki za mwanzo watu hawakuja. Walikuja kuanzia mwezi wa pili, na hakuna aliyesema "nina huzuni". Walisema moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, mgongo unawaka, silali. Mgeni angewaandikia dawa ya tumbo na ya presha, akafunga. Daktari wa mtaa alijua huyu amezika wawili na huyu hakupata hata wa kuzika. Aliwapima, ndiyo, maana mfiwa naye huwa na presha, lakini aliwaacha wakae. Nina hakika baba yenu aliandika siku hizo mistari mifupi sana.

Sasa tuje kwenye yenu.

Ultrasaundi sikatai. Mama mjamzito wa Fundo asafiri mpaka Wete, halafu aambiwe aende Chake, si haki. Lakini ghorofa ina mkopo, mkopo una tarehe, na mashine inayodaiwa kila mwezi humsukuma daktari kumpima asiyehitaji kupimwa. Nimeona dispensari nzuri ikigeuka duka la vipimo ndani ya miaka miwili. Ningekuwa mimi, vyumba vitatu ningeviacha, ningepaka chokaa, ningeongeza choo na sehemu ya kunawia mikono, na benchi ningelirudisha pale pale. Mashine nunueni ndogo, kwa pesa iliyopo mkononi.

Pesa ya kwanza itumieni kwenye kumbukumbu. Kaka yako huenda atataka kompyuta. Mpeni kompyuta, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini msianze kuandikisha mgonjwa mmoja mmoja kama zifanyavyo programu nyingi. Andikisheni nyumba. Kila nyumba iwe na namba yake, na ndani ya namba hiyo waingie baba, mama, watoto, bibi anayelelewa pale, na mtoto wa ndugu aliyeletwa kusoma skuli mjini. Kwa kila mtu iwe mistari minne au mitano isiyofutika: maradhi ya kudumu, dawa inayomdhuru, operesheni, uzazi, na maradhi ya wazazi. Hayo yote mtayakuta kwenye madaftari 31. Sio lazima muingize kila kikohozi cha mwaka 1998.

Muanze na wenye sukari na presha, kwa sababu Ramadhani haisubiri. Mnao wagonjwa wanaotumia glibenklamaidi, dawa inayoshusha sukari hata kama mtu hajala. Akifunga na akaimeza kwa kiasi chake cha kila siku, alasiri anaweza kuanguka. Wa metformini peke yake ana nafuu zaidi, mara nyingi ni kupanga tu vidonge baina ya futari na daku. Wa insulini lazima mkae naye. Mazungumzo hayo yafanyike Shaaban, si siku ya tatu ya mfungo, na mtaweza kuwaita wahusika wote kama orodha yao ipo. Baba yenu orodha alikuwa nayo kichwani. Nyinyi bado.

Kuhusu siri, hapa nakuomba uwe mkali. Wete kila mtu ni jamaa wa mtu. Ndani ya madaftari mna mimba zilizotoka, maradhi ya zinaa, wanaume waliokuja kwa mlango wa nyuma. Msiajiri kijana wa mtaani kuyanakili. Yanakilini wenyewe, wewe na kaka yako, jioni moja moja. Daftari likiisha linarudi sandukuni. Na watakuja watafiti. Pemba ni kisiwa kinachojulikana sana kwa utafiti. Maabara ya Ivo de Carneri iko Wawi tokea mwaka 2000, na utafiti uliofanyika kisiwani petu, ukachapishwa mwaka 2006, ndio ulioonyesha kwamba kuwapa watoto wadogo wote vidonge vya madini ya chuma mahali penye malaria nyingi kunaweza kuwadhuru, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Kwa hiyo mtu akitaka kuyasoma madaftari kwa nia njema, asifukuzwe. Aje na kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na apewe nakala isiyo na majina wala ukoo. Madaftari yenyewe hayatoki ndani ya nyumba.

Umesema mengine yameingia mchwa. Kurasa zilizotoboka zipigeni picha kwa simu kabla ya kuzigusa sana, kila ukurasa kwenye mwanga wa asubuhi, na picha zihifadhiwe kwenye kifaa kisichotumiwa na watoto kuchezea.

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka kama la kwanza. Hukumtaja nesi wa baba yenu, lakini hakuna dispensari iliyokwenda miaka yote hiyo bila ya mwanamke mmoja aliyejua kila kitu. Kama yu hai, mwendeeni wiki hii, nyinyi wawili, na daftari la kwanza mkononi. Mwandiko wa baba yenu nyinyi mtausoma nusu. Yeye atausoma wote. Atajua na alama za safu ya mwisho zina maana gani, na nani katika wale wasiodaiwa bado anahitaji asidaiwe.